Uzito wa Korosho Tatu

Kwa miaka saba mishale ya nguruwe ya mzee Yunusi Amiri ililala kwangu. Ilikaa chini ya paa la jiko langu la nje, imefungwa kwa kamba ya katani, na kila aliyekuja kuomba moto aliiona akauliza: mwalimu, siku hizi unawinda? Nilichoka kujibu. Mimi Doris ni mtu wa Kibosho. Nilipangiwa kufundisha hesabu katika shule ya msingi huko Naipingo, Nachingwea, mwaka 1996, nikafika nimenuna, na mshale nilikuwa nimeuona kwenye picha za vitabu tu.

Sababu ya mishale ile kulala kwangu ilikuwa Biasha, mke wa Yunusi. Yunusi alikuwa mkulima wa korosho na ufuta, mtu wa swala tano, na pia ndiye aliyekuwa na shabaha kuliko wanaume wote wa upande ule. Nguruwe pori walipoingia mashambani, aliitwa yeye. Bwana nyama, afisa wa wanyamapori, alijua na aliridhia, kwa sharti kwamba asiguse mnyama mwingine, na hakugusa. Lakini nguruwe ni najisi, na damu yake ni najisi. Biasha alikwisha kusema kwamba mshale wa nguruwe hauvuki kizingiti chake, uwe umeingia kwenye nguruwe au unasubiri zamu yake. Basi Yunusi akatafuta nyumba ya Mkristo iliyo karibu na mashamba, akaniangukia mimi.

"Mwalimu, nakuletea wageni," aliniambia siku ya kwanza. "Hawali, hawanywi, wala hawapigi kelele."

"Na kodi yao?"

"Kodi utaikuta kwenye sufuria."

Na kweli niliikuta. Kila nguruwe aliyeanguka alikuwa wetu, sisi walimu na watu wa zahanati tuliotoka mikoa mingine. Yunusi hakuonja wala hakudai chochote. Alikuwa akinyoosha kidole kutuonyesha mnyama alipolala, kisha akaenda zake kuoga. Tulinenepa kwa mishale ya mtu aliyekuwa akishindia ugali na kisamvu. Nayaandika haya bila aibu, kwa sababu aibu niliimaliza yote mwaka ule wa kwanza.

Mimi si mtu wa kusifu watu upesi. Kilichonifanya nianze kumtazama mzee yule kwa jicho jingine ni kazi yenyewe. Mshale mmoja ulimchukua siku mbili. Alichagua tete bondeni, akalikausha, akalinyoosha juu ya makaa, akafunga manyoya ya kanga mkiani, kisha akafua chembe, kile kichwa cha chuma, kutokana na kipande cha nondo. Mshale huo ukiingia kwenye nguruwe mara moja tu, aliuchoma moto. Alibakiza chembe peke yake, akakisugua kwa udongo na maji.

"Tete linakunywa damu," alinieleza. "Kitu kilichokunywa, mwalimu, hukioshi."

Siku mbili za kazi kwa kila nguruwe, na nyama inaliwa na wengine! Nilimwuliza kwa nini asiwaachie vijana shughuli hiyo. Alijibu kwamba vijana wanajua sumu tu, akanyanyuka akaondoka bila kuaga.

Nilikasirika. Nikamlalamikia Magreti, mwalimu mwenzangu aliyekuwa amekaa pale muda mrefu kuliko mimi, naye akanieleza. Yunusi na Biasha walikuwa na binti, Mwanaima, aliyeolewa katika kijiji kimoja upande wa Ruangwa. Mwaka 1994 watu wa huko walichoshwa na nguruwe. Wakachanganya dawa ya wadudu na mihogo iliyomenywa, wakaitupa pembezoni mwa mashamba. Walikufa nguruwe wawili. Wakafa mbwa, wakafa mbuzi, na binti wa Mwanaima aitwaye Samia, mtoto wa miaka sita, akaokota kipande cheupe cha muhogo njiani akitoka kisimani. Yunusi ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mjukuu wake. Tangu siku hiyo, kijiji chake kikitaja sumu, yeye anachukua upinde.

Baada ya kusikia hayo sikumlalamikia tena, angalau si kwa mishale.

Mwaka 1999 alianguka kutoka juu ya mkorosho akavunjika bega la kulia. Likapona kombo. Upinde wake wa zamani, ambao mimi na nguvu zangu zote za milimani sikuweza kuuvuta hata nusu, naye sasa hakuuweza. Akachonga mwingine, laini. Upinde laini hutupa mshale mlegevu, na mara mbili nguruwe walitokomea porini na mshale ukining'inia kwenye ngozi. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee amekwisha. Idd, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mwema lakini mwenye haraka, akaanza kulitamka lile neno kwenye mikutano: dawa.

Oktoba ya mwaka 2002 alirudi likizo Selestini, jirani yetu aliyekuwa mpishi kwenye kambi ya wawindaji wa kigeni huko pori la Liwale. Alikuja na mishale mitano ambayo mgeni mmoja aliiacha. Ilikuwa myeusi, myembamba, na ndani mitupu kama mrija. Selestini alisema ni ya kaboni, akampa Yunusi kama kichekesho.

"Kaboni ndiyo nini?" Yunusi aliniuliza.

"Ni jamaa ya mkaa," nilijibu kwa kiburi cha ualimu.

Aliugonga kwa ukucha. Akaukunja, ukagoma. Kisha akachota maji kwenye ndoo yangu akaumwagia, yakatiririka yote mpaka chini. Akaufuta kwa kiganja, ukawa mkavu.

"Huu haunywi," alisema polepole.

Nikaelewa. Kitu kisichokunywa damu kinaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kikawa safi. Mzee aliyekuwa akichoma kazi ya siku mbili kwa kila nguruwe alikuwa ameshika mshale wa kudumu.

Tulisimamisha mzigo wa mabua ya ufuta nyuma ya shule. Mshale wa kwanza ulikwenda kushoto. Wa pili ukaenda kushoto zaidi, ukapita juu ya banda langu la kuku, na jogoo alilalamika mpaka jioni. Ule wa tatu uligusa mabua ukaanguka chini kama kijiti cha mtoto. Selestini alicheka akashika mbavu. Alisema mishale hiyo inataka upinde wa wenyewe, wenye magurudumu, si gongo la mzee wa Naipingo.

Yunusi hakucheka wala hakukasirika. Alikaa siku tatu akirusha na kuokota, akirusha na kuokota, bega likimuuma hadi akatokwa jasho. Siku ya nne alikuja kunieleza, nami nilimsikiliza kama mwanafunzi, jambo ambalo walimu hatulipendi.

"Tete ukiliachia linapinda kidogo," alisema. "Linauzunguka upinde, halafu linanyooka. Hili jeusi halipindi, gumu mno. Linaupiga upinde kikumbo, linatupwa kushoto. Tena kichwa chake kitupu. Nataka nikipe uzito. Kichwa kikiwa kizito kitachelewa kuondoka, mkia unasukuma, basi katikati patapinda penyewe."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Nimeangalia, mwalimu."

Niliwaza foleni ya darasa la kwanza: wa mbele akisita, wa nyuma wakasukuma, foleni inabinuka katikati. Nimesoma chuo cha ualimu miaka miwili na sijawahi kueleza jambo kwa uwazi ule.

Akaanza kazi. Alikata msumari wa inchi sita, akauzungushia waya wa shaba, akauzamisha ndani ya mrija upande wa mbele pamoja na risasi aliyoiyeyusha kutoka kwenye betri ya gari iliyokufa, akagandisha kwa nta ya nyuki. Mbele yake akachomeka chembe chake mwenyewe. Lakini uzito kiasi gani? Hakuwa na mizani. Alitengeneza yake: kipande cha tete kilichoning'inizwa kwa uzi katikati, na kifuniko cha chupa ya soda kila upande. Upande mmoja aliweka chembe, msumari na risasi. Upande wa pili aliweka korosho mbichi zenye maganda, zilizoanguka chini ya mikorosho yake asubuhi ile.

Kwa korosho moja mshale bado ulikwenda kushoto. Kwa mbili ulipungua kushoto. Kwa nne ulikwenda kulia. Kwa korosho tatu uliondoka ukanyooka, ukaingia katikati ya mabua ukatokea upande wa pili kwa shibiri nzima. Na hii kwa upinde ule laini, na bega lile bovu. Nilipiga makofi peke yangu uwanjani pale, mtu mzima mimi.

Alitengeneza miwili tu, kwa kuwa risasi ilimwishia. Zile korosho tatu akaziweka kwenye kopo la maziwa, akalipachika jikoni kwangu pamoja na mishale. "Mwalimu, hizi usikaange," alinionya. "Ndizo jiwe langu la mizani."

Desemba aliangusha nguruwe wawili kwa mishale hiyo. Kila mara aliiosha uani kwangu, mara saba, nami nilihesabu kwa sauti maana kuhesabu ndiyo kazi yangu. Biasha alikuwa akipita njiani akitazama. Yunusi alimwambia kwamba huu wa sasa unatakata, unaweza kulala nyumbani.

"Hata uuoshe mara sabini," Biasha alijibu akiwa amesimama njiani. Uani kwangu hakuwahi kukanyaga.

Kabla mwezi haujaisha, nguruwe wa tatu alikimbia na mmoja porini ukapotea. Ule mwingine ulivunjikia ndani ya wa nne, na chembe kikapinda kwenye mfupa. Yunusi alikichomeka kipande kile cha mbele chini ya paa langu, kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine pa kukiweka.

Mwezi wa tatu mahindi yalianza kuwa na maziwa. Likaja kundi kubwa, likiongozwa na dume lenye sikio lililochanika. Kwa asubuhi tatu lilimaliza nusu ya shamba la Idd. Selestini alikuwa ameleta risasi nyingine ya kuyeyusha, na Yunusi akatengeneza ile mishale mitatu iliyobaki. Alipima kwa korosho zile zile tatu, kwenye mizani ile ile, kwa uangalifu ule ule.

Alfajiri ya Jumatano alijificha kwenye tuta la shamba la Idd, na wanaume kama kumi nyuma yake. Dume lilipita hatua kumi na tano tu. Mshale ukaenda kushoto, ukagonga kisiki ukapasuka vipande. Alhamisi likapita tena, na mshale ukaenda kushoto ukazama kwenye vichaka vya mtoni, hatukuupata. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Jioni Idd aliitisha mkutano.

"Mzee wetu tunakuheshimu," alisema, "lakini bega limekataa. Watoto watakula nini? Jumamosi mchana tunaweka dawa. Nimeshainunua."

Yunusi alisimama. Nilidhani atasema habari za Samia. Hakusema. Aliomba asubuhi ya Jumamosi tu, kabla ya mchana. Dume likianguka, kundi litahama mpaka mahindi yakomae. Idd akamkubalia, kwa huruma zaidi kuliko kwa imani.

Ijumaa mchana nilipita nyuma ya nyumba ya Idd nikaona beseni mbili za mihogo imeshamenywa, imelowekwa majini ikisubiri dawa. Ilikuwa myeupe, inavutia. Nilikuwa na wanafunzi mia mbili waliokuwa wakipita njia zile kila siku na njaa zao.

Nyumbani nilimkuta Yunusi jikoni kwangu, ametoka msikitini na kofia bado iko kichwani. Alikuwa na mshale mmoja uliobaki mapajani na kopo la maziwa mkononi.

"Idd kasema kweli," aliniambia. "Bega limekataa. Nilidhani ni mimi nawalinda watoto hawa, kumbe najidanganya."

Alisema hivyo na machozi yakamtoka, mzee wa miaka sitini, wala hakuyafuta. Kisha kwa hasira akalitupa kopo pembeni ya mafiga. Korosho zikamwagika sakafuni, zikalia: kwaa, kwaa, kwaa.

Aliinama. Akaokota moja, akaitikisa sikioni. Kiini ndani kikacheza kwenye ganda. Akatikisa ya pili. Akatikisa ya tatu.

"Laana!" alifoka, nami nikaruka. "Zimekauka! Mwalimu, zimekauka!"

Korosho mbichi ikikauka hupungua uzito. Kila mkulima wa Nachingwea analijua hilo kabla hajajua kusoma, na Yunusi alilijua kuliko wote. Ndiye aliyekuwa akiwafokea watu ghalani kila msimu kwa kuleta korosho zisizoanikwa ili mizani ziwapendelee, hadi vijana wakampa jina la Bwana Anika. Huyo ndiye aliyepima mishale ya Machi kwa korosho za Oktoba. Vichwa vilikuwa vyepesi, mishale ikagoma kupinda, na bega likasingiziwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka pia huku mashavu yakiwa bado yamelowa.

Lakini kicheko kiliisha haraka. Mwezi wa tatu korosho mbichi utaipata wapi? Mikorosho haikuwa na hata ua. Yunusi alikuna ndevu, akatazama huku na huku, mpaka macho yake yakapanda kwenye paa langu. Kile kipande cha mshale wa Desemba bado kilikuwa pale. Kilichomekwa kwangu kwa sababu Biasha hakukitaka kwake, na mimi kwa uvivu wangu sikuwahi kukitupa.

Alikipasua, akatoa chembe kilichopinda, msumari na risasi, akaviweka kwenye kifuniko. Akaweka zile korosho upande wa pili. Korosho zikapanda juu.

"Chembe kimepinda," alisema, "lakini uzito haupindi."

Mpaka swala ya alasiri alikuwa ameongeza waya kwenye mshale wa mwisho, kidogo kidogo, vifuniko viwili vikasimama sawa. Hakuujaribu. Ulikuwa mmoja tu, na hakutaka uvunjike kwenye mabua.

Jumamosi alfajiri, baada ya swala, alipita kuuchukua. Nilimfuata na ndoo ya maji. Hakunikataza, alinionyesha tu pa kuchutama, nyuma ya tuta. Idd alikuwa ameshafika, amekunja mikono. Kulikuwa kumepambazuka kiasi cha kuona majani ya mahindi yakitikisika pasipo upepo. Wakatoka majike na watoto. Yunusi hakusogea. Likatoka dume, likasimama, sikio lake lililochanika likielekea kwetu. Alivuta upinde taratibu, na niliona bega likitetemeka, nikaomba kwa majina yote ya watakatifu niliowajua.

Mshale uliondoka ukanyooka. Uliingia nyuma ya mguu wa mbele, yakabaki nje manyoya ya mshale tu. Dume likakimbia hatua arobaini, likalala.

Idd alikwenda kulitazama. Aliporudi alimshika Yunusi mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mzee, nisamehe," akaenda nyumbani kwake. Dawa aliirudisha alikoinunua. Mihogo ile mkewe aliichemsha kwa chumvi, na saa nne tuliila, watoto wa kitongoji kizima pamoja nasi. Nilikula vipande vitatu huku nikilia, na nilipoulizwa nikasingizia moshi.

Mshale ulitoka mzima, haukuwa na hata ufa. Yunusi aliuosha uani kwangu mara saba, nikahesabu, akauchomeka chini ya paa kama kawaida.

Jioni nilisikia hodi. Alikuwa Biasha, amesimama ndani ya ua wangu kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo mama," nilisema. "Karibu."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kuchukua mshale."

"Ameuosha mara saba. Nilihesabu mwenyewe."

"Najua. Nipe na mimi maji."

Nilimletea ndoo. Aliuosha mara saba zake, polepole, ya kwanza kwa udongo alioufikicha vidoleni. Kisha akaukausha kwa ncha ya kanga yake.

"Samia mwaka huu angetimiza kumi na tano," aliniambia. "Angekuwa anaolewa karibuni, na mimi ningekuwa nasumbuka na mikeka."

Nilimsindikiza mpaka kwake. Yunusi alikuwa amekaa barazani anachambua ufuta. Alimwona mkewe akija na mshale mkononi, akadhani ameurudisha ili autupe, akaanza kujitetea. Biasha hakumsikiliza. Alivua ndala zake, akavuka nao kizingiti, akaingia ndani. Mzee Yunusi akasimama, ungo ukamwanguka, na ufuta wote ukamwagika barazani.